Kimeza cha Mke Wangu

Mwaka ambao ghala letu lilifungwa ndio mwaka mke wangu aliporudishwa kutoka hospitali ya misheni, na mimi nikawa mtu wa kushinda nyumbani. Daktari alisema moyo wake umekuwa mkubwa kupita kiasi. Alinieleza taratibu, kwa Kiswahili chepesi, kwamba atameza vidonge kila siku, ataacha chumvi, atalala ameegemea mito, na kwamba yeye kama daktari hawezi kuniahidi mwaka mwingine. Nikamwuliza treni ya kurudi Kintinku inapita saa ngapi. Akanitazama. Sijui nilitaka kusema nini. Nilichokuwa nacho mdomoni ni treni.

Tangu siku ile sikuhisi kitu. Sikuwa na huzuni, sikuwa na hasira, hata njaa nilikuwa nakumbushwa na watu. Asubuhi nilifagia uwanja, nikakoroga uji wa uwele, nikaupeleka chumbani, nikarudi kukaa. Majirani walinisifu kuwa mimi ni mwanamume mstahimilivu. Niliwaacha waseme. Kustahimili ni lazima kuwe na kinachouma, na kwangu hakikuwepo.

Ghala lenyewe lilikuwa la kununulia mazao, na mimi ndiye niliyekuwa nalitunza. Ilipokuja ruksa ya watu binafsi kufanya biashara, wafanyabiashara wakaanza kufika na malori yao mpaka mlangoni kwa mkulima, wanapima karanga na uwele palepale, wanapakia, wanaondoka. Madukani tukaona soda za kopo, magodoro ya sponji, na sabuni za kila rangi, sisi ambao juzi tu tulikuwa tunapanga foleni kwa kipande kimoja. Wengine walifurahi, wengine walilia na vibarua vyao vilivyoota nyasi. Mimi nilikabidhi funguo. Niliambiwa rafu za mbao zinang'olewa, na anayetaka mbao achukue. Nikasema nitazifuata siku nyingine.

Mke wangu alikuwa muuza wali stesheni. Treni ikisimama, sauti yake ilikuwa inafika behewa la mwisho, na abiria wa Kigoma walikuwa wanamjua. Sasa sauti ile ilikuwa imekatikakatika. Akisema maneno matatu anapumzika, kisha anamalizia sentensi yake kwa hasira, kwa sababu hakupenda kumalizwa na mtu.

Kitanda chetu kilikuwa juu ya matofali, kwa sababu chini yake tulikuwa tunaweka magunia ya karanga. Kikombe chake cha maji na vidonge vilikaa sakafuni, juu ya kipande cha boksi. Ili avifikie ilibidi ainame, na akiinama pumzi inakata. Kwa hiyo alikuwa anaita. Nilikuwa naacha ufagio au sufuria, naingia, namnywesha, natoka. Kwangu haikuwa shida. Kwake, kuita kulimuudhi kuliko ugonjwa.

"Nataka kitu kimoja tu," aliniambia asubuhi moja baada ya kumnywesha. "Ninywe maji bila kumwomba mtu. Siku zote hizi unaninywesha... kama maiti. Mkishanizoea hivi, mtakuwa mmenizika, mnangoja siku tu."

"Nitakutengenezea kimeza," nikasema.

"Wewe?"

"Mimi."

Akanitazama kwa muda, kama anayepima jambo ambalo hanishirikishi. "Haya," akasema. "Tengeneza."

Mimi si seremala. Nilikuwa na nyundo, basi. Na hiyo nyundo inanilazimu nieleze jambo la kwetu. Kintinku ya wakati ule mtu akifa sanduku halikununuliwa. Lilikuwa linagongwa palepale uwanjani kwa marehemu, mbao zimelazwa juu ya stuli mbili, watu wakisaidiana, Wakristo na hata Waislamu, ingawa wao wafu wao wanazikwa kwa sanda. Nyundo iliyoitwa kwanza ilikuwa yangu, kwa kuwa ilikuwa nzito na ina mkia wa kung'olea misumari. Nilishagonga masanduku ya wakubwa na ya watoto. Mlio wake ulikuwa unajulikana kijijini kama kengele ya kanisa inavyojulikana. Kwa hiyo tulikuwa na mwiko: nyumba yenye mgonjwa wa kitandani haigongwi msumari. Mlango ukilegea unafungwa kwa kamba mpaka mgonjwa apone, au asipone. Mimi mwenyewe nilishamfokea jirani aliyekuwa anatengeneza banda la kuku huku mama yake yuko hoi ndani. Nilimwambia hana adabu. Mwiko huo nilikuwa naujua kama jina langu, na siku ile haukunijia kichwani hata kidogo.

Nilikwenda ghalani baada ya uji. Nikachagua mbao mbili ndefu za rafu, nikazitia begani, nikavuka reli, nikapita katikati ya maduka. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa kwenye benchi alivua kofia yake nilipompita. Wanawake waliokuwa wanatwanga walisimamisha mchi. Hakuna aliyeniuliza kitu. Niliona yote hayo na sikujiuliza sababu. Nilikuwa nafikiria kwamba mbao zina vumbi la pareto, ile dawa ya wadudu... hapana, hata hilo nalisema leo ili nionekane nilikuwa na mawazo. Sikuwa nafikiria kitu.

Nyumbani niliingia chumbani na futi kupima kimo cha kitanda. Mke wangu alikuwa macho.

"Pima kitanda," akasema. "Usinipime mimi."

Nikapima kitanda. Nilikwenda nyuma ya nyumba, chini ya dirisha lake, nikaweka stuli mbili, nikalaza mbao juu yake. Kila mwanamume wa kijiji kile angejua stuli mbili zilizopangwa vile ni za nini, na mimi ndiye niliyekuwa nazipanga kwenye nyumba za wenzangu. Nikakata miguu minne kwa msumeno. Mbao za rafu zilikuwa kavu na ngumu, msumeno ulikuwa butu, na kila mguu ulitoka na kimo chake. Nikakata vipande vya kuunganishia miguu, nikakata vipande viwili vya juu, vikae sambamba vitoshe kikombe, vidonge na taa. Kisha nikaanza kugonga.

Kazi ya kugonga ilinifaa. Mkono ulipanda, mkono ulishuka, na mimi nilikuwa kama mtu anayemtazama fundi wa kukodi. Msumari uliopinda niliung'oa nikaunyoosha juu ya jiwe, nikaupigilia tena. Jasho lilinitoka. Sijui niligonga kwa muda gani. Najua kwamba kimeza kilikuwa kimesimama kwa miguu mitatu, na nilikuwa nakamilisha wa nne, niliposikia mtu analia nyuma yangu.

Alikuwa shangazi wa mke wangu, yule aliyemlea, anayekaa ng'ambo ya barabara. Alikuwa ameingia bila hodi, kama watu wanavyoingia kwenye msiba. Kanga ameifunga kiunoni, ungo wa unga uko kichwani. Alilia kwa Kigogo, akimwita mke wangu kwa jina la utotoni ambalo mimi nililisikia kwa mara ya kwanza siku hiyo. Yule mama ni kama mama mkwe wangu. Siku zote tukikutana nilikuwa nainamisha macho, nasema shikamoo kwa mbali. Sasa ameketi chini vumbini mbele yangu, miguu ameinyoosha, anapiga mikono mapajani. Nyuma yake wakaingia wanawake wengine na unga na kuni, nao wakapokea kilio. Kisha wakaja wanaume na majembe na sururu.

Mimi msumari wangu ulikuwa nusu ndani, nusu nje. Nikaumalizia. Niliugonga mpaka kichwa chake kikalala kwenye mbao, ndipo nikageuka.

Mzee mmoja akanisogelea, akanishika bega. "Pole sana, bwana," akasema kwa sauti ya chini. "Tunachimba wapi? Hapa nyumbani au kule kwa wazazi wake?"

"Hamchimbi," nikasema. "Hajafa."

Kilio hakikukatika mara moja. Waliokuwa mbele walisikia wakanyamaza, wa nyuma waliendelea mpaka wakavutwa kanga.

"Natengeneza kimeza," nikasema. Nikakiinua juu ili waone miguu yake. "Cha kuwekea kikombe."

Shangazi alinitazama kutoka pale chini. Machozi yalikuwa bado yanateremka, hayakuwa yameambiwa. "Kimeza," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na nyundo ile."

"Ndiyo, mama."

"Mkwe wangu, una akili timamu kweli wewe?"

Jibu lilitoka dirishani. "Shangazi," mke wangu akaita, akapumzika, "pita ndani. Bado nipo."

Wakaingia wote, wanasukumana mlangoni kama watu wa mnada. Nilisikia wanacheka na kulia kwa pamoja, nikamsikia shangazi anamgombeza mke wangu kwa kuwa hai baada ya yeye kujichosha hivyo. Wanaume tulibaki nje. Walikuwa na aibu, na majembe yao walikuwa hawajui wayaweke wapi. Mwishowe mmoja akauliza kama sina shimo la taka. Nikasema la zamani limejaa. Wakaenda pembeni ya uwanja wakachimba shimo la taka, kubwa, zuri, lenye kingo zilizonyooka, na wakati wanachimba wakaanza kutaniana. Mmoja akasema katika maisha yake yote hajawahi kuitwa msibani akakuta mfiwa anatengeneza fanicha.

Ulibaki unga. Kwetu unga uliotoka nyumbani kwenda msibani haurudi. Anayeurudisha anaurudisha msiba nyumbani kwake. Wanawake walisimama na nyungo zao, wanamtazama shangazi. Akaamua upikwe palepale. Wakapanga mafiga, wakasonga ugali mkubwa, mtu akaleta mlenda, mwingine maziwa ya mgando, tukala uwanjani sote. Mke wangu alipelekewa matonge yake akala akiwa ameegemea mito, na kwa mara ya kwanza toka arudi hospitali aliomba aongezwe. Mimi nilikula kwa sababu niliwekewa sahani. Nilijua kuwa hilo ni jambo la kufurahisha. Nililijua tu, kama unavyojua kwamba Dodoma iko upande ule.

Jua lilipokuwa linashuka wakaondoka mmoja mmoja, safari hii kila mtu akiaga. Nikakiingiza kimeza. Kilikuwa kinayumba, kwa hiyo nikakunja kipande cha boksi nikakiweka chini ya mguu mfupi. Nikapanga juu yake kikombe, vidonge na taa. Kimo kilikuwa sawasawa na godoro. Nikarudi nyuma nikasimama mlangoni.

Mke wangu akanyoosha mkono. Hakuinama, hakujivuta. Akashika kikombe, akanywa taratibu mpaka akamaliza, akakirudisha mahali pake. Akafuta mdomo kwa ncha ya kanga.

"Kizuri," akasema. "Kibaya, lakini kizuri."

Nikakaa ukingoni mwa kitanda. Ndipo kichwa changu, kilichokuwa kimechelewa siku nzima, kikafika. Yeye ni mzaliwa wa pale. Ule mwiko ni wa kwao kabla ya kuwa wangu.

"Ulijua watakuja," nikasema.

"Nilijua tangu ulivyosema... unatengeneza."

"Mbona hukunizuia?"

"Nilitaka kusikia."

Akavuta pumzi, mikono ameiweka kifuani. Sikumharakisha. Nje mbuzi wa jirani walikuwa wanarudishwa.

"Shangazi amelia vizuri," akasema. "Sikutegemea. Aliwahi kuniambia... machozi yaliisha alipozika wanawe. Na yule mama wa dukani, ambaye hatusalimiani, naye amelia. Nimemtambua. Nimewasikia wote... mmoja mmoja. Nikasema, kumbe nimeishi na watu."

"Umeishi na watu," nikasema.

"Wewe nikawa nakutafuta." Alisema bila lawama, kama anavyouliza kama mlango umefungwa. "Nikasikiliza katikati ya sauti zao. Nikasikia nyundo. Wanalia, nyundo inagonga. Nikasema, ngoja, atamaliza msumari, atasikia wanavyolia, naye... Ukanyamaza. Nikangoja."

"Nilijua hujafa," nikasema.

"Ndiyo. Ulijua." Akageuza uso akanitazama. "Lakini mimi siku hiyo ikifika sitakusikia. Leo ndiyo ilikuwa siku yangu ya kusikia."

Nikainamisha kichwa, nikajaribu kulia. Nilijaribu kweli. Nilikunja uso, nikabana pumzi, nikafikiria stesheni bila yeye, nikafikiria kitanda hiki, nikalitaja moyoni lile jina la utotoni nililolisikia kwa shangazi. Hakikutoka kitu. Yeye akapunguza hata kuhema kwake ili asifunike sauti yangu, akawa ananingoja.