Mwaka Chini ya Komeo

Korona ilipotufungia sisi wa magharibi ya Sydney, nilikuwa natoka Rooty Hill kwa treni tupu kwenda Merrylands kumhudumia mzee mmoja wa Kizungu. Kibali cha kazi kwenye simu, barakoa mbili usoni. Helikopta ya polisi ilituzunguka tangu asubuhi, kana kwamba ni sisi tulioleta ugonjwa. Nilichukia kila kitu mwaka ule, isipokuwa yule mzee.

Alikuwa ameshapofuka, na moyo nao ulikuwa umechoka. Nilimwita Mzee; nilipomweleza maana yake, alilipenda jina hilo kuliko lake mwenyewe. Ukutani palikuwa na picha ya baba yake, mwanajeshi kijana, na chini yake mwaka aliofia vitani. Kando ilitundikwa bunduki kuukuu, mtutu umezibwa kwa amri ya sheria. Mama yake ndiye aliyeileta nyumbani zamani, akamwambia mwanawe kwamba jeshi limewarudishia bunduki ya baba.

Siku moja akaniomba niishushe.

"Nisomee alama zake, binti. Nataka nisikie mtu akizisoma kwa sauti kabla sijafa."

Nikaipangusa mafuta kwa kitambaa, nikawasha tochi ya simu. Namba ya komeo, kile chuma kinachosukuma risasi ndani, ilikuwa ile ile ya mtutu. Nikamsomea, akaitikia kwa kichwa. Palikuwa na taji dogo, nalo nikamtajia. Chini ya komeo palichongwa mwaka bunduki ilipotengenezwa. Nikatazama picha, nikatazama chuma tena. Ilitengenezwa miaka miwili baada ya baba yake kufa. Vita vilipokwisha, bunduki za ziada ziliuzwa madukani kama majembe, na mama wa watu akaenda akamnunulia yatima wake baba.

"Na mwaka?" akauliza.

Kwetu Tanga, hata kama kuna maiti ndani, ukiulizwa habari za nyumbani unajibu njema kwanza; mabaya yatafuata mtu akishaketi. Na huyu alikuwa mgonjwa. Hasira zilinipanda, sijui nilimkasirikia nani. Nikamtajia mwaka uliotangulia kifo cha baba yake.

"Yote salama, Mzee. Ni yake."

Akageuzia uso ukutani.

"Mama yangu naye alinisomea hivyo hivyo," alisema. "Wakati huo nilikuwa na macho, na kusoma nilishajua."