Stempu ya Simu Ndani ya Juzuu

Watu wa mtaani kwetu Wete wakiniona nimeinamia kipande cha karatasi, kibano mkononi, huniuliza kama hiyo ndiyo kazi niliyoisomea chuo kikuu. Siyo. Nakusanya stempu za kampuni za zamani za simu za maandishi. Hazikuwa stempu za posta. Mtu alilipia ujumbe wake kwa kuzibandika kwenye karatasi, karani akazigonga mhuri. Nyingi nimezinunua mtandaoni, na kila moja naitilia shaka. Naikagua rangi, naikagua meno, naikagua gundi, na bado siiamini.

Moja tu sikuitilia shaka. Niliiona kwa bibi jirani yetu, anayesomesha watoto Kurani barazani kwake. Juzuu yake ameachiwa na mama yake, na ukurasa mmoja uliochanika pambizoni ulikuwa umeungwa kwa stempu ya kijani. Baba yake bibi alikuwa tarishi wa ofisi ya simu. Stempu ndiyo kitu pekee chenye gundi kilichokuwamo nyumbani. Nilijiuliza ni nani angeghushi stempu ili aungie ukurasa wa juzuu, nikakosa jibu, na kwa mara ya kwanza kukosa jibu kulinifurahisha. Nikaiomba.

"Ichukue," alisema. "Lakini ukurasa wangu ubaki mzima. Juzuu hii ndiyo ninayosomeshea."

Nilirudi Ijumaa baada ya sala, na brashi, karatasi nyembamba na gundi ya wanga niliyoipika mwenyewe.

"Una udhu?"

"Ninao, bibi. Ingawa sijui udhu unaisaidia nini gundi."

"Gundi haina shida. Wewe ndiye utakayeishika juzuu."

Nilijaribu maji kwanza kwenye alama ndogo ya wino pambizoni; wino haukutoka. Nikailowesha stempu kidogo kidogo. Tulipokuwa tunasubiri tukanywa kahawa, vikombe tumeviweka mbali. Upande mmoja uliinuka vizuri. Upande wa pili, ulioshika pale palipochanika, ukagoma. Nilipovuta, niliona karatasi ya juzuu nayo inaanza kuinuka. Kimoja kilibidi kiharibike. Bibi alikuwa ameshika jalada kwa mikono miwili.

Niliukandamiza ukurasa kwa kidole, nikaiacha stempu ichanike. Kona yake ikabaki ndani ya juzuu. Nikabandika karatasi yangu nyembamba pale palipochanika, tukangoja pakauke.

"Yako imeharibika?" aliuliza.

"Imepungua kona."

"Bado mtu anaweza kuinunua?"

"Hakuna atakayeitaka."

"Basi utakaa nayo," alisema, akacheka.

Kisha akauinua ukurasa kwenye mwanga, akaulaza tena, akaanza kusoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari. Kilipofika pale nilipounga kilipita bila kukwama. Akafungua ukurasa wa pili, akaendelea, nami nikajiegemeza ukutani nikasikiliza.