Watafuta Vidonda wa Larkmoor

Verlene Stiles alikuwa hajamsamehe yule mwanamume, wala hakuwa na mpango huo. Watu walimwambia aachane naye, ni mambo ya zamani, kinyongo kinazeesha. Akawajibu kwamba kuzeeka ameshazeeka, amebakiwa na kinyongo tu, na hicho hampi mtu.

Mwanamume mwenyewe aliitwa Todd Wexler, mshauri wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Larkmoor. Chuo chenyewe hakikuwa na madarasa. Hakikuwa na uwanja, hakikuwa na kengele, hakikuwa na hata bomba la kunywea maji. Watu walisomea majumbani mwao, kwenye kompyuta, na siku ya mahafali ndiyo ilikuwa siku yao ya kwanza kuonana na mtu wa chuo ana kwa ana. Walikodi ukumbi wa mpira wa kikapu pale Phoenix. Watu wazima wamevaa majoho, wanatembea wanachunguliana nyuso: kumbe ile sauti nzito ndiyo ya huyu mfupi?

Verlene alikuwa amesimama na binti yake Roxanne, amebeba maua, ndipo Todd akaja mbio, meno yote nje, ananukia mnanaa. Akamkumbatia bila kuombwa.

"Wewe ndiye mama! Jamani, bila wewe huyu tusingempata!"

"Mimi nilifanya nini?" Verlene akauliza.

"Alikuwa anagoma, mama. Anagoma kabisa, anataka kukata simu. Nikamwambia, Roxanne, hebu niambie, nani hapo nyumbani unamwonea aibu? Akaanza kulia. Mama yangu, akasema. Barua inamshinda kusoma, tangu mdogo namficha walimu wangu wasimwone. Nikamwambia, na wewe unataka kuzeeka hivyohivyo? Alijiandikisha palepale!" Akampigapiga Verlene begani. "Asante sana, mama." Halafu akaondoka kwenda kumkumbatia mama wa mtu mwingine.

Verlene akamgeukia binti yake. Roxanne alikuwa anachezea kishada cha kofia yake, anakikunja, anakikunjua. Safari nzima ya kurudi nyumbani Casa Grande Verlene aliyashika yale maua mapajani, hakumpa.

Ni kweli Verlene hakusoma. Baba yake alimtoa shule akiwa darasa la tano, akampeleka mashambani Eloy kuchuma pamba, na pamba haingoji mtu amalize hesabu. Baadaye akasafisha vyumba vya wageni kando ya barabara kuu mpaka magoti yakakataa. Roxanne alikula kwa mikono hiyo. Aibu ya mtoto Verlene aliielewa. Hata yeye alimwonea aibu baba yake. Kilichomchoma ni kwamba mtoto wake alikuwa na neno la kumwambia yeye, halafu mgeni akalitoa kwa simu, akalifanyia biashara, akaja kumshukuru nalo hadharani.

Na alivyompata! Roxanne alikuwa akiwaogesha wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, anataka kuwa muuguzi. Akaingia mtandaoni kutafuta kazi, ukurasa ukamwambia weka namba yako ya simu tukujulishe nafasi zikitokea. Akaweka. Hapo Arizona nusu ya watu wameshaukanyaga mtego huo: namba umeiweka upate kazi, chai haijapoa anayekupigia ni chuo.

Todd akamwambia shahada ya uongozi wa afya na ile ya uuguzi ni mlango mmoja. Haukuwa mlango mmoja. Roxanne alipoipeleka hiyo ya uongozi hospitali, mama wa ofisini akaitazama kama mtu aliyeletewa samaki wa juzi.

"Hii haikufanyi muuguzi, dada," akamwambia. "Na zinazotoka chuo hiki hatuzipokei hata kwa kazi ya mapokezi. Samahani."

Ilikuwa mwezi wa sita. Roxanne alirudi nyumbani, akazima gari, akakaa humohumo, vioo vimefungwa, jua la kukaanga yai. Verlene alimwona kutoka jikoni, akadhani anamalizia wimbo redioni. Alipotoka kumwangalia akamkuta mwekundu kama nyanya, macho yako wazi, hageuki. Alikigonga kile kioo kwa ngumi mpaka mtoto akafungua.

Tangu siku hiyo Verlene alikuwa anamsikiliza binti yake kupitia ukutani, kama anavyosikilizwa mtoto mwenye homa.

Basi nani akapiga simu? Todd. Eti ana kazi. Arizona nzima, mahali pekee palipoikubali karatasi ya Larkmoor palikuwa Larkmoor.

Kazi ilikuwa kwenye jengo la vioo kando ya barabara kuu, mjini Tempe. Ndani safu kwa safu, watu wamevaa spika za masikioni, wanapiga simu. Kufundisha hawafundishi. Wanaandikisha. Baada ya muda mfupi Roxanne akarudi na sauti mpya, laini, ya asali, akawa anaitumia hadi nyumbani.

"Magoti yananiuma leo," Verlene akasema siku moja.

"Pole, Verlene. Na hilo linakufanya ujisikieje?"

"Linanifanya nijisikie kukupiga na sufuria. Verlene ni nani? Mama yako nimekufa?"

Roxanne akashtuka, akafunika mdomo. "Samahani, mama. Mazoea."

Kidogokidogo Verlene akamchimba. Walikuwa mezani, wanakula maharage na mkate wa mahindi. Yaani Verlene anakula, Roxanne anasukumasukuma.

"Hivi huko mnawaambia nini hao watu?"

"Tunatafuta kidonda."

"Kidonda gani?"

"Ndivyo tunavyoita. Kila mtu ana kitu kinachomuuma, mama. Ameachwa na mume, au mwanawe anamdharau. Tukikipata tunakibonyeza kidogo, halafu tunamwonyesha chuo. Todd anasema ni kwa faida yao."

"Na asiyetaka kusema?"

"Unaanza wewe. Unampa chako, ili naye atoe chake."

"Chako wewe ni kipi?"

Roxanne akaweka uma chini. Juu ya paa kipoza hewa kikawa kinagugumia peke yake.

"Roxanne, nakuuliza."

"Wewe," akasema. "Nawasimulia habari zako."

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Kutwa, wiki nzima, watu Verlene asiowajua, wa Ohio, wa Tennessee, wanasimuliwa jinsi mama wa Casa Grande anavyoshika barua juu chini. Wanalia, wanajiandikisha. Verlene akatoa sahani mezani, akaiosha, akaiosha tena.

Hata hivyo, si hilo lililomwogopesha. Kilichomwogopesha ni Roxanne mwenyewe. Alikuwa anakonda. Nywele zinabaki kwenye kitana. Jumapili moja mwanamke fulani, mjane ambaye Roxanne alimwandikisha, akaipata namba yake ya nyumbani, akapiga analia: amemaliza masomo, hospitali ya kwao imemcheka. Roxanne akasimama katikati ya sebule anamsikiliza, sauti ileile ya asali, "Nakuelewa, Norma. Nakuelewa kabisa," na huku machozi yanamtiririka usoni ambako hakuna kinachotikisika, hata kope. Alipoweka simu akatoka nje, akaingia kwenye gari, akafunga vioo.

Verlene akamfuata mbio bila viatu. Ardhi inaunguza. Safari hii hakugonga; akafungua mlango, akamshika mkono, akamvuta kama anavutwa ng'ombe.

"Acha hiyo kazi."

"Niende wapi, mama?"

"Popote. Rudi ukaogeshe wazee."

"Kule wameshasikia nina shahada, wanasema nitaondoka. Na wenye kazi wanasema shahada si shahada. Nani mwingine atanichukua? Todd anasema tumefanana mimi na yeye, mahali petu ni pale."

"Todd anasema, Todd anasema! Huyo Todd alikuzaa?"

Lakini kesho yake Roxanne akaenda kazini. Verlene akaketi kwenye ngazi za nyumba yake ya bati, akafikiri. Aliona wazi kwamba akimwacha, atakuja kumkuta ndani ya lile gari siku ambayo yeye hatakuwapo jikoni.

Sasa, huko Larkmoor walikuwa na desturi ya Ijumaa. Roxanne alimwambia mwenyewe, kwa kujivuna kidogo, siku za mwanzo. Ijumaa mchana kila mtu anavua spika zake, wanakusanyika, Todd anachagua namba moja tamu, anapiga yeye, anaiweka kwenye spika kubwa ya ukumbini wote wasikie fundi anavyofanya. Mtu akikubali wanapiga makofi, wanaletewa keki. Todd aliwapenda sana wazee walioacha shule wadogo. Aliwaita mafuta, kwa sababu wanayeyuka upesi.

Verlene akavuka barabara kwa jirani yake, Dolores Quiroga, mjane mwenzake, mwenye kishikwambi chenye mtandao alichotumiwa na wanawe.

"Nitafutie ule ukurasa wa kazi, shoga. Ule wenye mtego."

"Umepagawa? Watakupigia mpaka kaburini!"

"Ndicho ninachotaka. Weka jina langu la kwa baba, Verlene Pruitt. Weka niliacha shule darasa la tano."

"Na kazi unayotafuta?"

"Weka yoyote. Urubani."

Dolores akacheka mpaka akapaliwa, lakini akaandika. Hawajamaliza chai, simu ikaanza. Kila aliyepiga kutoka Larkmoor Verlene alimjibu kwa kijisauti cha kuku mgonjwa: ndiyo, mwanangu, natamani kusoma, lakini naogopa, nataka niongee na mkubwa wenu, na Ijumaa mchana ndipo ninapokuwa na nafasi. Akasikia jinsi walivyokuwa wakivuta pumzi kwa furaha upande wa pili.

Ijumaa hiyo hewa ilisimama. Kusini ukainuka ukuta wa vumbi, kahawia, mrefu kuliko milima, unakuja polepole bila sauti. Mbwa wa jirani wakaingia chini ya nyumba. Verlene akafunga madirisha, akakaa na simu mapajani.

Ikalia.

"Verlene Pruitt? Naitwa Todd. Nimesikia habari zako nzuri sana."

Alikuwa yeye. Hata mnanaa Verlene aliusikia. Nyuma yake kulikuwa na mwangwi wa ukumbi na watu wanaojibana wasikohoe.

"Karibu, mwanangu," Verlene akasema.

"Uliacha shule mdogo sana, Verlene. Inauma?"

"Inauma."

"Inauma wapi?"

"Nina binti."

Todd akashusha sauti, akaifanya ya kanisani. "Niambie habari zake."

"Ananionea aibu. Aliwahi kumwambia mtu. Si mimi, mtu baki."

"Oo, Verlene." Mtu fulani ukumbini akaguna kwa huruma. "Na huyo mtu alikuja kukuambia?"

"Alikuja. Alinikumbatia, akanishukuru."

Hapo Todd akapoteza hatua kidogo. "Akakushukuru kwa..."

"Kwa kuwa mjinga. Tulikuwa kwenye mahafali yenu, Todd, wewe na meno yako. Mimi ni Verlene Stiles. Binti yangu amekaa hapo mbele yako. Roxanne! Simama."

Ikawa vurugu, kiti kikaburuzwa, mtu akasema "Yesu wangu," na sauti ya Todd, ya juu, bila asali, ikisema kitufe kiko wapi, zima hii kitu.

"Usikate, Todd." Alikuwa Roxanne. Ni sauti yake ya utotoni, yenye mikwaruzo. Verlene alikuwa hajaisikia tangu kazi ianze. "Ukikata nitakung'oa mkono."

"Roxanne," Verlene akasema. "Lile neno ulilomwambia huyu. Niambie mimi."

"Mama, hapa kuna watu."

"Hao wameshalisikia kuliko mimi. Sema."

Ukuta wa vumbi ulikuwa umefika mwisho wa mtaa. Nguzo za umeme zikawa zinatoweka moja baada ya nyingine.

"Nilikuwa nakuonea aibu," Roxanne akasema. Akavuta kamasi. "Siku ya wazazi nilikuwa nawaambia walimu unaumwa. Nilikuwa naona aibu ukiniletea barua mbele ya wenzangu nikusomee."

Lilimwingia. Verlene hakuwa mti.

"Haya," akasema. "Nimelisikia kwako. Sasa ni letu mimi na wewe, tutagombana nalo nyumbani mpaka nife. Huyo hana chake humo. Chukua mkoba wako utoke."

"Mama Stiles," Todd akaanza, ile asali inarudi kwa kukimbia, "naona una uchungu mkubwa, na mimi ningependa..."

"Wewe mama yako yuko hai, Todd?"

Todd akakohoa.

"Nimekuuliza kistaarabu. Yuko hai? Ukimpigia anakuuliza kutwa ulifanya nini? Unamwambia?"

Ukumbi mzima ulikuwa unamngoja ajibu. Verlene alisikia anavyopumua kwa pua, haraka haraka, na alimwachia muda wote aliouhitaji. Halafu mwanamke mmoja, si Roxanne, akasema taratibu, "Mjibu, Todd." Na mwingine nyuma, "Eh, mjibu mama wa watu."

Kilichojibu ni mlango, na viatu vya Roxanne vikishuka ngazi, na nyuma yake viatu vingine, vya nani Verlene hakujua. Laini ikakatika.

Vumbi likaipiga nyumba, mchana ukawa rangi ya chai. Verlene hakuwasha taa. Alisimama dirishani kuitazama barabara asiyoiona, kwa sababu mtoto wake alikuwa humo ndani ya gari, vioo vimefungwa, na safari hii alikuwa anakuja.