Chanjo Ndani ya Baa ya Dorah

Zipora alizaliwa Masumbwe, akasomea uuguzi, na kwa miaka kumi na tisa amekuwa katika zahanati ndogo jirani na machimbo ya Mwakitolyo. Waganga walikuja na kuhama, yeye alibaki. Tena ni Msabato wa kuzaliwa, hata chai ya rangi haonji, na alijivunia kwamba hajawahi kukanyaga baa.

Alhamisi moja, siku ya chanjo za watoto, alikuta jokofu limenyamaza. Kipimajoto kilisoma nyuzi saba, na zikizidi nane chanjo zinaanza kuharibika. Alipiga simu wilayani. Aliyepokea alimpa pole ndefu, kisha akamwambia fundi atafika Jumatatu. Nje, kina mama zaidi ya arobaini walikuwa wamekwisha kaa na watoto wao, wengine wametembea tangu alfajiri.

Zipora akayapitia kichwani majokofu yote anayoyajua. La muuza samaki linagandisha, na zipo chanjo ambazo zikiganda hazifai tena. Lililobaki ni friji la vioo la Dorah, mwenye baa, ambaye jenereta yake haizimwi mchana kutwa. Alibeba kisanduku cha chanjo, akapiga moyo konde, akaenda.

Dorah alidhani nesi amekuja kulalamikia muziki. Aliposikia shida yenyewe, alitoa bia zote kwenye friji na kulifuta vizuri. Kipimajoto kikatulia kwenye nyuzi tano. Zipora akavuta kiti cha plastiki, akaketi mbele ya friji kama askari wa benki, maana kila mteja aliyeingia alinyoosha mkono kutaka kulifungua. Dorah akawatangazia kwamba leo ni bia ya moto tu.

Aliyenuna zaidi alikuwa Marwa, mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu. Alisema ya moto inamkereketa koo, na kabla hajamaliza akakohoa mpaka akashika meza.

"Kikohozi hicho kimeanza lini?" Zipora akauliza.

"Tangu mahindi yalipokuwa machanga."

Mahindi yalikuwa yamekwisha vunwa. Kwa miaka mingi Zipora alikuwa akiwafukuzia wachimbaji awapime kifua kikuu, nao wakimwona tu wanazama mashimoni. Leo wameketi wenyewe, na hakuna anayetaka kuiacha chupa yake. Akaagiza vikopo vya makohozi kutoka zahanati. Hadi saa sita alikuwa na vikopo saba vyenye majina.

Huku nyuma habari zilikuwa zimeenea kwamba nesi yuko baa tangu saa tatu. Mzee Enock, mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa lake, akaja kumwokoa. Alisimama mlangoni, mguu mmoja nje.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Binti yangu, kama una tatizo, kanisa lipo."

"Ninalo, mzee. Sina mtu wa kuniandikia kadi za watoto."

Mzee Enock alitazama barabara pande zote mbili, akaingia. Kina mama wakaanza kuitwa kutoka zahanati, watano watano. Zipora alichoma sindano, mzee akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni. Dorah alipomletea mzee soda, mzee aliisogeza ukingoni mwa meza, nembo ikitazama barabarani.

Hadi saa tisa hakubaki mtoto asiyechanjwa. Kati ya vikopo saba, viwili vilikutwa na kifua kikuu, kimoja kikiwa cha Marwa. Alimeza dawa miezi sita, akilalamika kila wiki, akapona.

Kanisani Zipora aliitwa kujieleza mbele ya wazee. Alisimulia yote, ila hakutaja nani aliandika kadi. Mzee Enock alikagua paa muda wote, na shauri likafungwa haraka kuliko kawaida.

Baadaye wilaya ilitaka kila zahanati iandike mpango wa dharura. Palipoulizwa chanjo zitahifadhiwa wapi umeme ukikatika, Zipora aliandika: Baa ya Dorah. Ofisa akapiga simu akidhani ni utani, kisha akaja mwenyewe na kipimajoto chake. Nyuzi tano.

Mwezi uliofuata Dorah aliitwa kwenye semina ya utunzaji wa chanjo. Alirudi na cheti, akakitundika juu ya kaunta. Siku hizi mteja akiliacha friji wazi, anasomewa somo zima.