Kurasa za Mwisho Zilizofungia Karanga

Harufu ya karanga zinazokaangwa, iliyochanganyika na harufu ya karatasi kuukuu zilizolala miaka katika sanduku lenye unyevu: hiyo ndiyo harufu ya shule yangu. Ile shule nyingine, ya ubao na chaki, niliiacha mwaka wa tatu wa msingi, baba alipofariki kwenye barabara ya Kamituga, lori lilipoteleza kwenye tope na kumlalia. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Baada ya mazishi mama alinichukua pamoja naye, kila asubuhi tukipanda gari la mboga kutoka kijijini kwetu Mudaka hadi soko la Nyawera mjini, yeye akiuza karanga, mimi nikikunja karatasi za kuzifungia. Sikuwahi kurudi darasani. Nasema hivyo bila aibu. Wanangu wamesoma hadi wakachoka, mmoja yuko ofisini, mwingine anafundisha chuo kikuu, na wote wawili hucheka wakinikuta barazani na miwani yangu na kitabu cha mapenzi. "Maman, mtu anakufa anaacha jumba, eti mrithi asipooa kabla ya Noeli anakosa kila kitu! Nani aliwahi kuona mambo hayo?" Mimi niliyaona. Ndiyo maana naandika, na naandika jinsi ninavyosema. Ambaye Kiswahili changu hakimpendezi afunge ukurasa aende zake.

Vitabu vile vilitoka katika nyumba za Wazungu waliokuwa wameondoka. Watu walivileta sokoni kwa gunia, na wanawake wa karanga na wa sabuni wakavinunua kwa uzito, kama mihogo. Vilikuwa vya Kifaransa, vyembamba, na kwenye jalada daima palikuwa na mwanamke aliyekumbatiwa na mwanamume mwenye kidevu kikubwa, nywele zikipeperuka. Mama hakujua kusoma hata jina lake. Kwake ilikuwa karatasi safi, isiyo na mafuta, basi. Lakini kando ya meza yetu aliketi Nsimire, fundi wa kushona, msichana aliyefika mwaka wa tatu wa sekondari kwa masista. Siku moja aliniona nachana ukurasa, akasimamisha mashine yake kwa mkono, akasema: "Hapana, hapana, hapana! Kwanza nisome, kisha upasue." Tangu siku hiyo ikawa sheria. Nsimire alisoma kwa macho, akatuambia kwa Kiswahili, miguu ikiendelea kukanyaga mashine. Tukifika mahali pa moto, miguu ilisimama yenyewe na suruali ya mteja ikangoja. Alipomaliza ukurasa alinipa, nikaukunja, nikaujaza karanga. Kitabu kililiwa hivyo, jani kwa jani, hadi likabaki jalada, na jalada nililibandika kwenye ukuta wa jiko letu.

Karibu vyote vilikuwa na jambo moja. Tajiri amekufa. Watu wamekaa mbele ya mwanasheria, wamevaa nyeusi, wanajifanya kulia. Kisha karatasi inasomwa na kumbe kuna sharti: utapata shamba la mizabibu ukioa mpwa wa adui yangu, utapata kasri ukiwatunza paka wangu saba hadi wafe kwa uzee. Mama Zawadi, muuza vitunguu, alikuwa hawezi kuvumilia. "Paka saba! Na bale bana ba ndugu yake, balikuwa banakula nini? Bazungu balituficha mambo mingi!" Soko zima la vitunguu lilicheka. Nsimire naye alijibu bila kuinua kichwa: "Mama Zawadi, weye bakikuachia kasri utachunga hata simba." Mama peke yake hakucheka. Alikuwa anapepeta karanga, na kila mara sharti liliposomwa aliinua ungo ukasimama hewani, akauliza: "Ilisemwa namna gani? Rudilia." Nsimire alirudia. Mama akatikisa kichwa, akaendelea kupepeta. Nilidhani ana uzito wa kusikia.

Hakuwa na uzito wowote. Alikuwa anajifunza. Katika ukoo wa baba yangu, mume akifa, mjane huomboleza hadi siku ambayo familia inaketi kuondoa matanga. Siku hiyo anapewa kibuyu cha kasiksi, pombe yetu ya ndizi, naye anakipeleka mikononi mwa yule anayemchagua katika nyumba ya marehemu. Anayekinywa ndiye anayechukua: nyumba, shamba la migomba, watoto, na mwanamke mwenyewe. Asiyetaka kukipeleka hakatazwi. Anafunga nguo zake anarudi kwa baba yake, na watoto wanabaki. Mambo yalikuwa hayo tu, hakuna aliyeona ajabu. Na sisi tulijua kibuyu kilikuwa kinangojwa na nani. Baba mdogo Birindwa, mwenye wake wawili tayari na mkono mwepesi kwa wote wawili, alikuwa amekwisha kuhesabu migomba yetu kwa sauti, mbele yetu, akipita shambani kama mtu aliyepotelewa na mbuzi. Basi mniambie nyinyi mliosoma: Mzungu akiweka sharti kama hilo mnaita roman, hadithi ya mapenzi, na kwetu mnaliita nini?

Kitabu cha mwisho kabla ya siku ya kibuyu nakikumbuka kuliko vyote. Msichana anaachiwa nyumba ya baba yake, lakini sharti ni akae mwaka mzima chini ya paa moja na mwanamume anayemchukia. Akitoka hata siku moja, nyumba inakwenda kwa binamu. Msichana hakulia. Alimwambia mwanasheria asome karatasi tena, na tena, mara tatu, mbele ya wote. Kisha akasema: imesema paa moja, haikusema meza moja. Akachukua chaki akachora mstari katikati ya nyumba, kuanzia mlangoni hadi jikoni. Loo! Mama Zawadi alipiga makofi hadi vitunguu vikabingirika. Wiki tatu tulimfuata msichana yule na chaki yake. Mwanamume alianza kuvuka mstari, leo na maua, kesho na kikohozi cha uongo, nasi tulitaka kujua kama msichana atashinda au atalegea.

Hatukujua. Kosa ni langu. Asubuhi moja Nsimire alikuwa amechelewa, wateja walikuwa wengi, nami nikasahau nini kimesomwa na nini bado. Nikakunja, nikajaza, nikatoa. Nsimire alipofika akatafuta kurasa zake, akakuta jalada tupu. Kurasa za mwisho zilikuwa zimekwenda na mpakizi mmoja wa viazi. Nilikimbia hadi mahali magari ya viazi yanaposhushia. Nilimkuta anatafuna karanga ya mwisho. Karatasi alikuwa amefutia mikono akaitupa kwenye tope, na watu walikuwa wanaikanyaga na magunia mgongoni. Nilirudi na kipande cha ukubwa wa kiganja, wino umevuja wote.

"Weye mutoto," Nsimire aliniambia, machozi ya kweli machoni, "umetuulia mutu!"

"Mwache," mama alisema. "Kesho kutwa kuko kikao cha kwetu cha matanga. Ya huyo binti atajua mwenyewe."

Siku ya kikao jua lilikuwa kali na watu walijaa kiwanja chetu cha Mudaka. Wanaume walikuwa kwenye viti, wanawake kwenye mikeka. Birindwa alivaa shati jipya lenye mikunjo ya dukani bado. Mzee wa ukoo alisimama na kutamka sharti kama lilivyotamkwa tangu babu zake: mjane ampe kibuyu mtu wa damu ya nyumba hii, na huyo akinywa, nyumba imepata mwenyewe. Mama, akiwa amepiga magoti, akasema kwa sauti ndogo: "Muzee, naomba urudilie." Mzee akarudia. "Tena, baba, bote basikie." Watu walidhani ni heshima. Mzee alirudia mara ya tatu, kwa fahari, akinyoosha kila neno. Mimi kwenye mkeka niliketi wima, kwa sababu nilikuwa naujua ukurasa ule.

Mama alisimama na kibuyu. Birindwa alikwisha kunyoosha mikono yote miwili. Mama alimpita, karibu kiasi kwamba nguo yake iligusa goti la Birindwa. Akaja mkekani, akapiga magoti mbele yangu, mtoto wake, akaniwekea kibuyu mikononi.

"Hii iko muchezo!" Birindwa aliruka. "Huyu iko mutoto mwanamuke!"

"Muzee amesema mara tatu," mama alijibu, bila kugeuka. "Amesema mutu wa damu ya nyumba hii. Huyu iko damu ya nani? Aseme mwenye kujua."

Kumwambia mama kwamba mimi si damu ya baba kungekuwa kumtukana marehemu siku ya matanga yake. Mzee alitazama chini. Ndipo shangazi yake baba, mwanamke mkongwe ambaye hata wanaume walimpisha njia, akapiga mkeka kwa kiganja: "Kunywa, mutoto. Ukitema, yote imekwisha."

Kasiksi ile ilikuwa kali, chachu, imeiva siku nyingi. Ilinichoma pua, macho yakajaa maji, tumbo likataka kuirudisha. Nilimtazama Birindwa, nikameza. Nikameza tena. Nilimeza hadi nikaona chini ya kibuyu.

"Amemeza," shangazi alisema. "Nani mwingine iko na kiu?" Mtu mmoja akacheka, kisha wawili, kisha kiwanja kizima, na shati jipya la Birindwa likatoka getini likiwa peke yake.

Sitawadanganya kwamba baada ya pale tulikula asali. Miaka mingi hakuna ndugu aliyepanda kutengeneza paa letu. Birindwa alifunga njia ya kisimani, tukazunguka kilima kuteka maji. Kanisani baadhi ya wanawake waliwavuta watoto wao mbali na mama, kana kwamba ana ugonjwa. Lakini mama alizeeka katika nyumba yake, alikata ndizi zake mwenyewe, na alikufa kitandani pake na mlango ukiwa umefungwa kwa ndani. Mimi nilijifunza kusoma juu ya karatasi za karanga, Nsimire akinionyesha kidole kwa kidole. Leo bohari la karanga pale Nyawera ni langu, na nyumba ninamoandika ni yangu, tofali kwa tofali. Nimeandika wasia, kwa mkono wangu. Kijana wa ofisi aliyeupokea aliuliza: "Maman, na masharti?" Nikamwambia masharti hakuna. Binti na mwana, sawasawa, na hakuna kibuyu.

Siku hizi mjukuu wangu anasoma hadithi zilezile kwenye simu, wala hazimwachii harufu mikononi. Nilimsimulia ya mstari wa chaki. Akacheka: "Koko, hiyo mwisho wake inajulikana. Anafuta chaki, anamupenda, banaoana. Yote inaishaka hivyo." Najua, mtoto wangu. Nimesoma mamia tangu wakati ule, na yote yanaishia hivyo, na nayapenda, na nitaendelea kuyasoma, acheke anayecheka. Ila nusu karne nilijilaumu kwa zile kurasa, na sasa nimeacha. Kama Nsimire angefika mapema asubuhi ile, mama angekwenda kwenye kikao akijua kwamba msichana alifuta mstari. Nilifanya vizuri kuzifungia karanga.