Jembe Lililolala Ngenge

Nilikwenda Ngenge kwa sababu ya mdomo wangu. Ndivyo anavyosema dada yangu mpaka leo, na hakosei. Katika kikao cha walimu wa elimu ya watu wazima pale Bukoba, ofisa alitueleza kwamba uchaguzi umekaribia na kwamba wananchi wa vijiji vipya hawajui hata karatasi ya kura inashikwaje. Nikasimama mbele ya watu wote nikasema kuwa kumpa mtu kura bila kumfundisha kuitumia ni sawa na kumpa baiskeli asiyejua kuiendesha, kisha kumcheka akianguka. Watu wakapiga makofi. Ofisa akatabasamu, akaniuliza kama naogopa mbung'o. Nikasema siogopi. Safari ikawa yangu.

Ninyi wenzangu wa mtaa wa Bakoba mmeniuliza mara nyingi niliyoyaona huko, nami nimekuwa nikiwajibu kwa mzaha. Mzaha umeniishia. Nawasimulia yote.

Bukoba tuliiacha asubuhi yenye manyunyu. Basi lilipanda vilima kuelekea Kamachumu, pande zote mbili migomba na mibuni, nyumba zikiwa zimejificha humo ndani hata usione ila moshi. Nilikuwa na furaha kubwa, lazima niseme. Nilikuwa na chaki, ubao mdogo, na hotuba niliyoiandaa juu ya uhuru wetu na maana ya kujitawala. Nilijiona mtu wa maana sana.

Kamachumu nililala kwa shangazi yangu, Ma Leokadia, aliyeolewa na Mkatoliki. Sisi Walutheri wa kwetu ilituchukua miaka kumsamehe, na nadhani yeye hakuwahi kujua kwamba anahitaji kusamehewa. Alinipa kahawa ya kutafuna kama mgeni, akaniuliza ninakokwenda.

"Ngenge? Bojo, pole mwanangu, umemkosea nani?"

Nikamweleza habari za uchaguzi. Akanisikiliza huku akipakua ndizi na maharage.

"Wanaokwenda Ngenge ni wale ambao vibanja vya migomba vya baba zao vimegawanywa mpaka havigawanyiki tena," alisema. "Wakaambiwa wakaanzishe kijiji cha ujamaa, watapewa kila kitu. Kula, mwanangu. Kule hakuna chakula."

Alimaanisha kwamba hakuna ndizi. Kwetu sisi, mahindi na muhogo ni vitu vya kutafuna ukiwa unangojea chakula.

Muleba nilipata lori lililokuwa limebeba magunia ya mbegu. Tulipoanza kuteremka kwenda bondeni, migomba ikapungua, ikawa mmoja mmoja, halafu ikaisha kabisa zikabaki nyasi. Joto likaingia. Mbung'o nao wakaingia dirishani, na hapo nikagundua kuwa nilidanganya kikaoni.

Jioni nilifika kijijini. Nyumba zilikuwa zimepangwa mistari miwili iliyonyooka, kila moja ikitazamana na mwenzake, hakuna hata mgomba wa kumficha mtu akitaka kujikuna. Mwenyekiti wa kijiji, Ta Kaiza, mzaliwa wa Kamachumu, alinipokea kwa heshima zote. Mkewe, Ma Kokugonza, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kusikika mtaa wa pili, akaniletea kikombe cha maji. Yalikuwa na rangi ya chai.

"Mwalimu, usiyatazame," akasema. "Funga macho, unywe."

Nikafunga macho nikanywa. Maji hayo waliyateka kwenye bwawa, mwendo mrefu, mahali ng'ombe wanaponywea na kufanya mengine. Watoto waliharisha, na watu wazima pia. Kijiji kilikuwa na shule, kilikuwa na godauni, kilikuwa na bendera. Maji safi hakikuwa nayo, na tangu siku ile sikusikia watu wakizungumza jambo jingine.

Wiki ya kwanza wagombea walikuja. Mnaujua utaratibu: wawili, wote wa chama chetu, wanasafiri ndani ya Landrova moja, wanahutubia mkutano mmoja, na ni kwa Kiswahili tu, lugha ya kabila marufuku. Mmoja alipewa alama ya jembe, wa pili nyumba. Bwana Nyumba alisema juu ya umoja na barabara. Bwana Jembe alisema, "Mkinichagua, Ngenge mtapata kisima cha pampu." Watu wakawapigia makofi sawasawa, kwa sababu wengi hawakuelewa hata neno.

Landrova ilipoondoka, Ma Kokugonza alinijia na wanawake wenzake.

"Yupi amesema maji?"

Sheria haikuniruhusu kumwambia mtu amchague nani. Lakini haikunikataza kueleza kilichosemwa mkutanoni. "Wa jembe," nikasema.

"Wakola, asante, Mwalimu. Basi tufundishe kulishika."

Karatasi za mfano sikupewa, na wengi wa wanafunzi wangu hawakuwahi kushika kalamu. Nikabuni njia yangu. Tulining'iniza mkeka mlangoni mwa darasa. Nyuma yake, upande mmoja nikaweka jembe la Ma Kokugonza mwenyewe, na upande wa pili kijumba cha nyasi kilichosukwa na wanawake. Kila mtu alipita peke yake, akashika alichokitaka, akatoka bila kumwambia mtu. Nikawaambia: ukilishika jembe hili, umelishika lile la kwenye karatasi; ni kitu kimoja. Nililisema asubuhi, nikalisema jioni. Kwa wale wazee, karatasi ilikuwa kitu cha kuogopa, lakini jembe walilijua tangu tumboni. Hofu ikawatoka.

Na ile hotuba yangu nikaitoa pia, kwa Kihaya. Niliwaambia kwamba wakoloni wameondoka, watwale, wale machifu wetu, wameondoka, hakuna mkubwa wa kuogopwa tena. "Serikali ni ninyi," nikasema.

Ma Kokugonza akacheka. "Serikali ni sisi? Basi serikali ina kiu."

Wote tukacheka. Yeye ndiye aliyebeba kazi yangu kuliko mimi. Alipita nyumba kwa nyumba akiwauliza akina mama, "Siku hiyo utashika nini?" wakajibu kwa sauti moja. Sijapata wanafunzi kama wale mjini, na sitawapata.

Siku chache kabla ya kupiga kura, Ma Kokugonza alianza kuhara damu. Zahanati ilikuwa mbali, na baiskeli ya kijiji ilikuwa na gurudumu bovu. Wanaume wakatengeneza machela. Hawakufika hata nusu ya njia, wakarudi wamemfunika uso, na tukajua.

Sitaki kuandika sana juu ya hilo. Yalikuwa ni yale maji. Kila mtu alijua kuwa ni yale maji, na bado jioni ile tuliyateka tena, tukamwoshea maiti.

Alizikwa Ngenge. Kwetu mtu huzikwa ndani ya kibanja, kati ya migomba ya baba zake. Yeye alizikwa kwenye nyasi, juani. Kaburi lilichimbwa kwa jembe lake lile lile, lile la darasani. Lilipomaliza kazi likalazwa juu ya udongo, kama desturi ilivyo, na kijiji kizima kikaacha kulima. Mvua zilikuwa zimeanza na mbegu zilikuwa ndani ya magunia, lakini hakuna aliyegusa jembe. Desturi hiyo naijua tangu utotoni: msiba ukiwepo jembe hulala, na anayeliinua kabla ya siku yake anachimba kaburi la pili.

Usiku wa matanga sikuwaza kura hata kidogo. Asubuhi ndipo nilipowaza. Nikamfuata Ta Kaiza alipoketi kwenye majani na wafiwa wenzake.

"Taata, kura ni keshokutwa."

"Tunajua. Lakini jembe limelala, Mwalimu."

"Lile la kwenye karatasi ni picha tu."

Akanitazama bila hasira. Afadhali angekasirika. "Ni wewe uliyetwambia ni kitu kimoja," akasema. "Mke wangu aliliamini hilo. Leo nilishike kabla hajatulia? Wanangu nitawaambia nini, wakimfuata mama yao kaburini?"

"Basi mtakosa kisima!"

"Hatutakosa. Nimemtuma mtu kwa msimamizi wa kituo kumwambia kuwa tumefiwa. Amejibu, 'Poleni sana.' Watatungoja."

Nikamwambia hawatangoja. Nilisema kwa upole, kisha kwa ukali, mwisho nikalia. Akanishika mkono, mfiwa akambembeleza mgeni. "Mwalimu, wewe ni kijana. Serikali ni sisi, ulisema. Serikali ikifiwa, itajifungia mlango yenyewe?"



Siku ya kura msimamizi alifika mapema na sanduku, meza na askari mmoja. Walifungua kituo pale pale darasani, nyuma ya mkeka wangu. Alipiga kura mwenye duka, mgeni kutoka Biharamulo. Walipiga walimu wawili wa shule. Wazee wawili walikuja, wakaingia, wakaiona ile picha ya jembe, wakarudi nje wakiwa wamekunja mikono kifuani. Mmoja akaniambia kwa aibu kuwa ameshika nyumba, kwa sababu nyumba haikukatazwa. Mchana wote msimamizi alipiga miayo. Nilimweleza mara tatu.

"Mwalimu," akasema, "mimi nina kituo cha kufungua na kituo cha kufunga. Matanga hayamo."

Hakuwa mtu mbaya. Aliwapa pole tena alipokuwa akipita penye msiba na sanduku lake.

Siku ya kumaliza matanga watu walioga, wakanyoa, wakaliinua jembe kutoka kaburini. Mimi nilikuwa nafunga mizigo. Niliposikia nyayo nikatoka nje.

Walikuwa wamepanga foleni. Foleni ilianzia mlangoni mwa darasa ikapita bendera mpaka kwenye nyumba za mwisho, wanawake kwa wanaume, vichwa vyote vikiwa vimenyolewa upya vinang'aa. Walisimama kama nilivyowafundisha, kimya, mmoja nyuma ya mwenzake, bila kusukumana. Ta Kaiza alikuwa wa mwisho. Mwenyekiti huwatanguliza watu wake, alisema baadaye.

"Sasa mikono yetu ni safi," akaniambia bibi aliyekuwa mbele. "Waambie walete sanduku."

Nilitembea foleni nzima nikimwambia kila mtu kwamba sanduku limeondoka. Sikuweza kusema mara moja kwa wote. Wengine walinishukuru, kwa adabu tu, kama unavyomshukuru mtu aliyekuletea habari kutoka mbali. Hakuna aliyenilaumu. Walikwenda kuchukua majembe yao, wakaenda shambani, kwa kuwa mvua ilikuwa inawapita.

Ta Kaiza alinisindikiza hadi njia ya malori. "Ukimwona Bwana Jembe," akasema, "mwambie tulikuja."

Muleba nilisikia matokeo kwenye redio ya mwenye hoteli. Bwana Jembe ameshindwa. Kwa kura chache, walisema. Nilitoka nje kabla hawajataja ni ngapi. Kamachumu Ma Leokadia alinipikia ndizi, na kwa mara ya kwanza maishani chakula kikanishinda.

Bukoba nilipeleka taarifa yangu. Ofisa aliisoma, akaandika juu yake kwa kalamu nyekundu: "Wananchi wa Ngenge hawana mwamko." Nikamweleza. Akasema mila potofu ndizo adui wa maendeleo, akaniuliza nauli ilikuwa shilingi ngapi. Siku nyingi baadaye ndipo niliposikia pampu imefungwa kijiji kingine, ambako sanduku lilijaa.

Sokoni, Jumamosi moja, nilikutana na Bwana Jembe mwenyewe. Alikuwa ananunua samaki. Mwili umempungua, lakini tabasamu la mkutanoni alikuwa nalo bado. Nikamwamkia, nikajitambulisha, nikamfikishia salamu kama nilivyotumwa.

"Watu wa Ngenge wanasema walikuja."

"Ngenge," akarudia, akitafuta. "Ngenge. Ndipo tulipopata pancha?"

"Ndipo uliposema utawachimbia kisima."

Alicheka, si kwa ubaya. "Mwalimu wangu, kila mahali tulisema kisima. Hata mwenzangu alisema. Ungesema nini kingine kwa watu wenye kiu?" Akachukua samaki wake, akaniaga vizuri.

Nimejifunza nini, mnaniuliza. Nilijifunza kwamba naweza kumfundisha mtu kusimama foleni, kunyamaza na kushika anachokitaka, na akashika vizuri kuliko mimi. Kilichoko upande wa pili wa foleni sikuwa nimekijua, nami ndiye niliyejiita mwalimu.

Wiki iliyopita dereva wa lori aliniletea ujumbe kutoka kwa Ta Kaiza. Anasema mahindi ya msimu huu yameota. Anasema lile jembe la marehemu hawalimii tena. Wameliosha, wamelipaka mafuta, wamelitundika darasani, ili nikirudi kufundisha uchaguzi ujao nisihangaike kutafuta jingine. Dereva anapita tena kesho na anataka jibu.