Mama wa Keumbu Anayeozesha Hamira

Ni saa tatu asubuhi, na katika chumba cha mwisho cha maabara moja mjini Kisii hakuna ruhusa ya kukohoa. Tryphosa Nyanchera ameinama juu ya hadubini, ncha ya ulimi imechungulia pembeni mwa mdomo. Mkononi ana sindano ya kioo nyembamba kuliko unywele.

Anatenganisha ndugu wanne. Ni watoto wa hamira, ile ile ya mandazi, waliozaliwa ndani ya kifuko kimoja kisichoonekana kwa macho. Akiteleza, familia nzima imepotea.

"Mmoja," ananong'ona. "Wawili. Wewe, mwachie mwenzako. Watatu. Wanne."

Ndipo watu wanapumua.

Kwenye karatasi za ajira, mama huyu wa miaka arobaini na mitatu ni mwosha vyombo. Aliandikwa mwaka 1969 kusugua chupa, na bado anazisugua, kama mia mbili kwa siku. Kazi ya sindano ilimwangukia mwaka juzi, 1974, alipofika mtafiti kijana, Walter Nyasani.

Nyasani alikuja na swali. Kuna dawa iitwayo nistatini, inayotibu utando mweupe wa kuvu kwenye midomo ya watoto wachanga. Dawa hiyo hushika mafuta yaliyo katika ngozi ya kuvu, ikaitoboa matundu. Hamira ni jamaa ya kuvu hiyo, na nyingi hufa vivyo hivyo. Lakini katika sahani za Nyasani, chache ziliwekewa dawa zikanenepa. Je, zilikuwa zimeizoea tu, kama mtu anavyozoea pilipili, au ukaidi huo ulikuwa wa damu, wa kurithishwa?

Njia ya kujua ni kumwoza mkaidi kwa mpole, kisha kuwapima watoto mmoja mmoja. Tatizo lilikuwa mikono ya Nyasani.

"Nilivunja sindano kumi na moja asubuhi moja," anakiri mwenyewe. "Ya kumi na mbili ilinichoma."

Tryphosa, aliyekuwa akifagia vioo hivyo, alichoka. "Nilimwambia, mwanangu, nipishe. Mimi nimetoa funza kwenye vidole vya watoto saba, wote wapiga mateke. Hawa wako hata miguu hawana."

Siku hiyo alitenganisha familia tatu. Tangu hapo hakuna mwingine anayegusa sindano.

"Shida ilianzia mdomoni mwangu," anasema. Mwezi Machi mwaka huu, wakiteka maji nyumbani kwao Keumbu, jirani yake Loice alimuuliza mbona anang'aa hivyo. Naye, kwa furaha, akajibu: "Nimeozesha hamira, nikawanyima chakula mpaka wakazaa!"

Hakukosea. Hamira iliyoolewa huzaa wale wanne ikishikwa na njaa. Ila kufikia Sabato habari ilikuwa imeumuka: mwalimu wa watoto kanisani anapika pombe mjini, tena anafungisha ndoa bila mchungaji.

Aliitwa mbele ya wazee wa kanisa. Kiongozi wao alikuwa Manasseh Ombati, mkulima wa chai ambaye kwa ajili ya imani hajawahi kuonja hata kikombe kimoja cha chai hiyo.

"Dada Tryphosa, ni kweli unafuga hamira?"

"Ni kweli, Mzee."

"Na unaiozesha?"

"Ndiyo, Mzee. Jumatatu na Alhamisi."

Kikao hakikuhitaji shahidi. Alisimamishwa kufundisha darasa alilolilea kwa miaka kumi na minne.

Akifika hapa, Tryphosa hacheki. "Sabato iliyofuata nilikaa benchi la nyuma. Wale watoto wakawa wanageuka kunitazama kama maiti iliyoamka. Wiki nzima niliosha chupa kwa machozi. Sindano sikuigusa."

Nyasani alijitolea kuandika barua. Tryphosa akakataa, barua ya mwenye hamira ingemsafisha nani? Badala yake alikwenda kwa Mzee Manasseh na kumwomba aje ajionee.

Mzee alikuja Jumanne, amevaa koti la kanisani, na kwanza akanusa kila chupa rafuni. Alipopata harufu ya mkate tu, akakubali kuketi.

Tryphosa alimwekea sahani tatu zenye dawa. Ya kwanza ilikuwa na mkaidi, amestawi, doa jeupe. Ya pili ilikuwa ya mpole, na haikuwa na kitu. Ya tatu ilikuwa ya wale wawili walipoungana kuwa mmoja. Nayo ilikuwa tupu.

"Basi ukaidi umekwisha," alisema Mzee, ameridhika.

"Umejificha, Mzee. Tazama watoto."

Akamletea sahani ya nne. Karibu katika kila familia ya wanne, wawili walikuwa wamestawi na wawili wamekufa. Mzee alihesabu kwa kidole, mstari baada ya mstari. Familia arobaini na sita. Arobaini na nne zilikuwa hivyo hivyo. Mbili zilizobaki Tryphosa alikiri kuwa alizijeruhi mwenyewe.

"Mazoea hayagawanyiki hivi," Nyasani alieleza. "Huu ni urithi. Ni jeni moja, na ikikutana na ya mpole hunyamaza."

Mzee Manasseh aliurudia mstari wa mwisho kwa kidole.

"Mimi na mke wangu ni wapole," alisema mwishowe. "Na mwanetu Obwocha mnamjua."

"Tunamjua, Mzee."

"Mama yangu mzazi aliwahi kumfukuza chifu kwa mwiko." Akashika kichwa. "Nyasae one! Mungu wangu! Kumbe alikuwa amejificha ndani yangu!"

"Mzee, watu si hamira," Tryphosa alimtahadharisha, lakini alikuwa amechelewa.

Sabato hiyo Manasseh alisimama mbele ya waumini akatangaza kwamba Dada Tryphosa hapiki pombe. Anachunguza ukaidi, na amekuta ni wa kurithi. Darasa lake alirudishiwa palepale. Watoto walimkimbilia, akalia tena.

Sasa usumbufu ni mwingine. Wazazi wanamletea vijana wao wawapime. Mama mmoja alitoka Masimba na picha ya mchumba wa bintiye.

Mwenyewe ana haraka na jambo moja. Amepata mkaidi wa pili, kutoka sahani nyingine, na leo amemwoza kwa yule wa kwanza. Wakiungana na dawa ikawaua, maana yake ukaidi wao ni wa jeni mbili tofauti, kila mmoja akimfichia mwenzake. Wakistawi, huenda ni jeni ile ile.

Majibu ni Alhamisi. Nyasani anasema lolote litakalotokea litaandikwa katika ripoti, na jina la Tryphosa Nyanchera litakuwa juu yake, karibu na lake.

Tryphosa anafunika sahani kwa kiganja. "Mimi naomba wawe wa koo mbili," anasema. "Wakiwa ukoo mmoja nitakuwa nimeozesha ndugu, na sisi Wagusii jambo hilo hatuna."